Kwa Mwizi wa Mchuzi

Ijumaa, 3 Aprili

Nimeamua kuwa mpelelezi. Umri miaka hamsini na tisa, magoti mabovu, masikio mazima. Miaka ishirini na minane nimehudumia meza katika mtaa huu wa Wachina hapa San Francisco, na hakuna siri iliyopita karibu na birika langu la chai nisiisikie. Tatizo ni moja. Nafasi imejaa. Mpelelezi wa mtaa ni Quan. Wote wanamwita Afande kwa sababu alikuwa polisi Hong Kong. Habari nilizonazo mimi ni kwamba alikuwa akipungia magari yapite kushoto.

Leo asubuhi nimemkuta dukani kwa Shemeji Hom, shemeji wa mtaa mzima, kaegemea kaunta, anasimulia jinsi alivyomnasa mwizi wa saa kwa kumnusa mkono wa shati. Shemeji Hom anakatakata bata wa kuokwa na kucheka. Anacheka! Mimi kwa miaka sita, tangu mumewe afariki, nanunua kwake mayai mawili ya mchuzi kila siku ya Mungu. Hajanichekea hata kwa bahati mbaya. Jina langu halijui. Ananiita Mayai Mawili. Siku moja tu aliniuliza swali, nalo lilihusu choo changu kinachovujia dari yake.

Nimepanda chumbani, ghorofa ya tatu juu ya duka lake na chumba anacholala, nikawaza. Mpelelezi bila uhalifu ni mhudumu bila meza. Mtaa umetulia kupita kiasi. Basi uhalifu nitautengeneza mwenyewe, kisha nitaugundua mwenyewe. Afande abaki na filimbi yake.

Jumamosi, 4 Aprili

Niibe nini? Bata ataliwa kabla hajatafutwa. Paka wa duka anauma. Nimekaa juu ya kitanda mpaka mguu ukafa ganzi, ndipo wazo likanijia.

Mchuzi mkongwe.

Upo kwenye chungu cheusi chenye masikio mawili, jikoni nyuma ya duka. Marehemu Hom Sik-yiu aliuanzisha wiki ya harusi yao, sasa miaka thelathini na mmoja. Haujawahi kumwagwa. Kila kuku, kila yai, kila sikio la nguruwe linalouzwa pale limeogea humo. Ukipungua unaongezwa, asubuhi na jioni unachemshwa, na kesho yake unaamka na utamu wa jana. Shemeji Hom hana picha ya mumewe dukani. Hamtaji. Ana chungu tu.

Kikipotea, mtaa mzima utashika kichwa. Na atakayekirudisha? Sitaki makuu. Nataka acheke mara moja, na aniite kwa jina.

Mungu yuko nami. Kesho ni siku ya kufagia makaburi, kila mtu anakwenda kwa wafu wake, na Shemeji ameniachia ufunguo wa duka. Bata wakiletwa, nipokee. Nimeuliza kwa nini mimi. Amesema kwa sababu huna pa kwenda, Mayai Mawili.

Ni kweli. Makaburi yangu yote yako ng'ambo ya bahari.

Jumapili, 5 Aprili

Imefanyika! Ngazi tatu, mapumziko matatu. Mchuzi kidogo umenimwagikia mkono wa shati. Chungu kiko chini ya kitanda. Nikashuka, nikapokea bata, nikafagia duka ili nionekane mtu mwema.

Shemeji amerudi saa tisa, viatu vina udongo, nguo zinanuka vijiti vya udi. Akaingia jikoni. Nikangoja ukelele. Kimya. Akatoka anafuta mikono. Akautazama ufunguo mkononi mwangu. Akautazama mkono wa shati langu. Akaitazama dari. Kisha akauliza bata wamekuja wangapi. Nikasema ishirini. Akasema vizuri.

Mwanamke jasiri. Mshtuko umemfunga ulimi.

Afande kafika jioni na daftari, habari ya chungu imeshaenea mtaani. Mtu wa kwanza kumwondoa kwenye orodha ya washukiwa ni mimi.

“Mwenye ufunguo hawezi kuwa ndiye,” kasema mbele ya watu. “Hakuna mtu mjinga kiasi hicho.”

Nimemuunga mkono. Mara yetu ya kwanza kukubaliana. Akapendekeza taarifa ipelekwe kituoni. Shemeji akamuuliza wataandika nini kule, kwamba maji yake ya zamani yamepotea? Suala la kituo likaishia hapo.

Jumatatu, 6 Aprili

Kuna jambo nimelisahau. Nilipanga kuiba, nikapanga kugundua. Kutunza sikupanga. Mchuzi mkongwe usipochemshwa asubuhi na jioni unachacha, nao ukichacha umekufa, hakuna wa kuufufua. Hili analijua kila mtoto wa mtaa huu. Nilikuwa nalijua mimi pia.

Nimekimbia kununua jiko dogo la umeme, lile la koili. Ni marufuku kwenye jengo letu. Msimamizi, Bwana Lew, huyasaka majiko kama askari wa forodha. Nimeliingiza ndani ya mfuko wa nguo chafu.

Ukachemka. Harufu! Mdalasini, tangawizi, soya, miaka thelathini na mmoja ya kuku. Imepita chini ya mlango, imeshika ushoroba, imepanda mpaka ghorofa ya nne. Mzee Tam wa chumba cha mbele yangu kagonga. Umri themanini na nne, pua ya miaka ishirini. Anapika nini jirani? Nikasema supu ya pakiti. Akauliza pakiti hiyo inauzwa peponi?

Nilipotoka nikakuta watu wamejaa mbele ya duka. Shemeji amebandika mlangoni karatasi ya kufungia bata, maandishi ya brashi:

KWA MWIZI WA MCHUZI. Chemsha asubuhi na jioni. Usichovye kijiko chenye maji. Povu toa, mafuta acha.

Afande anawaambia watu kwamba ni mtego wa kisaikolojia na ni yeye aliyeushauri. Shemeji hakubisha, hakukubali. Nimeyanakili maneno yale humu. Sina sababu maalumu.

Jumanne, 7 Aprili

Harufu lazima izimwe. Mbinu: harufu huzimwa na harufu. Nimenunua mafungu matatu ya vijiti vya udi, nikaviwasha vyote ndani ya kopo la mchele, nikafunga dirisha. Chungu nimekiweka juu ya meza na kukifunika shuka jeupe, maana chini ya kitanda kilianza kuunguza godoro.

Kufika adhuhuri, hodi. Mzee Tam, kofia mkononi, machungwa matatu kwenye mfuko. Nyuma yake watu wanne wa ghorofa yetu, wote wameinamisha vichwa.

“Ni nani?” kauliza kwa upole.

Sikuelewa. Kisha nikakiona chumba changu kwa macho yake. Mlango uliofungwa siku mbili. Moshi wa udi. Meza yenye shuka jeupe. Harufu ya vyakula vya sadaka. Mimi mwenyewe macho mekundu.

Ningesema nini? Nikasema baba mkubwa. Kule nyumbani, Toisan. Jina likanitoka lenyewe: Seto Yeuk-ting. Miaka tisini na sita.

Mzee Tam akasema tisini na sita ni kifo kizuri. Akakaa juu ya kitanda changu na kulia. Nikamwambia hata hakumjua. Akasema ndiyo, lakini yeye hata barua ya msiba haimfikii tena, waliokuwa wakiandika wote wameisha. Ukisikia wa mwenzio unalia nao, usije ukasahau namna ya kulia. Nikajikuta na mimi nalia. Sijui tulikuwa tunamlilia nani. Baba mkubwa sijawahi kuwa naye.

Jioni chama cha ukoo wetu wa Seto kimeleta shada la maua. Barua yangu ya kuomba kiti kipya cha ukumbini hawajaijibu mwaka wa nne huu.

Karatasi mpya mlangoni kwa Shemeji:

KWA MWIZI. Siku tatu sasa, mchuzi una njaa. Ulishe kuku au mayai. Nyama ya ng'ombe marufuku.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeulisha mapaja sita ya kuku na mayai kumi na mawili. Nisingeweza kuyamaliza, nikayagawa kwa waombolezaji kama chakula cha matanga. Wamekula kimya. Mmoja kasema baba mkubwa alikuwa na baraka. Wamerudi wote saa kumi, na wageni.

Kisha ngazi zikalia kwa hatua ninazozijua. Shemeji Hom. Miaka sita chini yangu, hajawahi kupanda. Kavaa nyeusi. Afande nyuma yake, kofia kifuani, pua juu kama mbwa wa bandarini.

Shemeji hakunitazama. Akaenda mpaka mbele ya meza, akawasha vijiti vitatu, akainama. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu akabaki chini muda mrefu, mpaka watu wakaacha kutafuna.

Akaliambia lile shuka, sauti ya chini:

“Mzee, miaka yote hiyo hujatoka jikoni hata siku moja. Haya, umetoka kutembea. Pumzika. Na mimi nimepumzika kidogo, usinikasirikie.”

Sikumwelewa. Amejuaje kwamba baba mkubwa alikuwa mpishi? Hata mimi sikuwa nimeamua bado. Lakini ni heshima kubwa, nikainama nami.

Akiwa anatoka kaniambia marehemu asipate baridi, moto uwe mdogo, na nifungue dirisha kabla sijajikausha kama soseji. Mkono wake ukagusa bega langu. Sekunde moja. Pengine mbili.

Afande kabaki mlangoni ananusa. Nikamtazama ananusa shada, ananusa machungwa, ananusa sahani ya mayai. Kachukua yai moja, kalila lote taratibu. Kisha katangaza kwamba sasa ana hakika. Mwizi ni mtu wa Oakland, ng'ambo ya ghuba.

Alhamisi, 9 Aprili

Asubuhi nimeonja mchuzi. Ulikuwa umechoka. Si mbovu, umechoka tu, kama mtu aliyelala kitanda cha ugenini.

Nina kopo moja la bati nililopewa na mama siku nilipopanda meli. Maganda makavu ya chenza, ya shamba letu. Meusi sasa, mepesi kama karatasi. Ganda la chenza kadiri linavyozeeka ndivyo linavyopanda thamani, na haya yana umri wa kuoa. Yalikuwa mengi. Nilikuwa natumia kipande nikiugua kifua. Yamebaki saba.

Nimetia mawili.

Harufu ilipobadilika nikalazimika kukaa. Sitaandika zaidi.

Mpango wa ugunduzi uko tayari: Jumapili baada ya chakula cha mchana, duka limejaa, naingia na chungu, nasoma hotuba. Kurasa mbili. Afande anatajwa mara moja tu, kwa huruma.

Ijumaa, 10 Aprili

Msiba wa kweli.

Jana jioni nimewasha jiko, Mzee Tam kawasha redio, mtu wa kona kawasha pasi. Fyuzi ikakatika, ghorofa nzima giza. Bwana Lew akaja na tochi, akafuata harufu mpaka mezani kwangu. Hakugusa chungu, msiba anauheshimu. Jiko kaondoka nalo. Kasema atanirudishia siku nitakayohama au kufa.

Jioni mchuzi haukuchemka. Asubuhi haukuchemka. Nimejaribu mishumaa ya Mzee Tam, minane chini ya chungu, imetoa moshi tu. Nimezungushia chungu blanketi. Nimekizungumzisha.

Saa sita nimefunua shuka. Vipovu vidogo pembeni, bila moto. Nimefanya kazi na wapishi miaka ishirini na minane. Vile vipovu navijua, mchuzi unaanza kuchacha. Saa moja zaidi, mbili Mungu akipenda.

Nikakaa nikavitazama. Jumapili ni keshokutwa. Hotuba ipo, nimeshaikariri. Nikakumbuka alivyoinama ile mara ya tatu.

Hotuba nimeiacha kitandani. Nimebeba chungu na shuka lake, mchana kweupe, nikatoka. Nikikamatwa nikamatwe.

Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, Afande Quan huyo anapanda. Akaona shuka jeupe. Akauona uso wangu. Akavua kofia.

“Majivu ya mzee yamewasili?”

Nikakikumbatia chungu zaidi.

“Pole, ndugu yangu,” akasema. “Lete sikio la pili nikushikie.”

Tukashuka hatua kwa hatua, mpelelezi upande mmoja, mwizi upande mmoja, uhalifu katikati. Watu walisimama kando ya ngazi na kuinamisha vichwa. Afande akanong'ona kwamba baba mkubwa alikuwa mtu mzito. Nikasema alikula vizuri.

Mlangoni Shemeji alituona. Hakuuliza. Alitupa shuka huko, akakinyakua chungu kama mama anavyomnyakua mtoto aliyeanguka kisimani, akakiweka kwenye jiko kubwa, akafungua moto wote.

Afande akabaki ametoa macho. Wateja wakasogea. Mmoja akauliza, si ndicho kile? Kimepatikana wapi? Nani kakipata?

Afande akavaa kofia. “Nimekipata mimi,” akasema.

Kurasa mbili! Ziko kitandani!

Shemeji alisimama juu ya chungu mpaka kikachemka, akatoa povu, akangoja, akaonja. Akaonja tena. Akauliza bila kugeuka nani ametia ganda la chenza.

Afande akasema ni mwizi, ni dhahiri, pengine ili kuficha ushahidi.

Shemeji akasema marehemu mumewe alilitafuta ganda kuukuu kama hilo tangu mwaka wa kwanza. Kila lililouzwa hapa lilikuwa changa. Mpaka siku za mwisho hospitali alikuwa akisema mchuzi wake umepungukiwa kitu kimoja tu. Akajifuta uso na aproni. Ulikuwa mvuke. Nadhani ni mvuke.

“Mwizi ajue,” akasema, “kwamba saa moja zaidi ungekufa. Na kwamba amefanya vizuri kuurudisha.”

Afande akasema kwa masahihisho, mwizi hakuurudisha, ni yeye aliyemfuatilia hadi...

“Afande,” akasema Shemeji, “kula bata.”

Jumamosi, 11 Aprili

Ameniita. Duka tupu, anatundika bata. Kaniambia kwa siku tano amelala mpaka jua likashika pazia. Hajalala hivyo tangu azike. Kila alfajiri kwa miaka sita ameshuka kuchemsha, homa au baridi, kwa sababu aliogopa kwamba siku akilala mumewe atakufa mara ya pili. Alifikiri atamkasirikia mwizi. Usiku wa kwanza alijaribu, akasinzia akiwa bado anajaribu.

Sasa anahitaji mtu wa kuchemsha alfajiri. Mtu wa karibu. Kwa mfano, wa juu. Awe na maganda yake mwenyewe.

“Utaweza, Bing-nam?”

Nikashika kaunta. Nikauliza amelijuaje jina langu. Akasema miaka sita nanunua mayai, nadhani hakuwahi kuuliza? Mayai Mawili ananiita kwa sababu nikiitwa hivyo masikio yangu huwa mekundu.

Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimeshasema ndiyo kabla sijamaliza kusema nitafikiri.

Kisha, kwa kuwa bado mimi ni mpelelezi, nikamuuliza kama ana fununu yoyote kuhusu mwizi. Alicheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, akashika gogo la kukatia nyama, akanitazama, akaanza upya. Dakika nzima. Sijui nilisema nini cha kuchekesha. Wateja walioingia walicheka naye bila kujua sababu. Lazima nijue ilikuwa sentensi gani, niirudie.

Jumapili, 12 Aprili

Alfajiri ya kwanza kazini. Nimechemsha, nimetoa povu, mafuta nimeacha. Kijiko kikavu. Juu yangu, dari kimya. Amelala. Nimetembea kwa ncha za vidole jikoni kote.

Mambo yote ni mazuri, isipokuwa moja. Afande ananunuliwa chai kila meza. Anasimulia alivyomfuatilia mwizi mpaka Oakland na kurudi. Tayari kuna kivuko kwenye hadithi, na mtu mwenye kovu. Siwezi kulala na jambo kama hili.

Nina mpango. Safari hii kitu kisichochemshwa, kisichonuka, kisicho na njaa. Gogo la kukatia nyama. La marehemu pia, limebonyea katikati kama mto wa kulalia. Likipotea mtaa utalia. Nikilipata mimi, mbele ya watu, hotuba mfukoni safari hii...

Saa tano, Shemeji yuko mbele na wateja, nimeingia na uzi kulipima. Nimekuta limebandikwa karatasi ya kufungia bata. Wino bado mbichi:

KWA MWIZI WA GOGO. Lipake mafuta kila Jumapili. Lisikae juani. Ni zito, usilibebe peke yako, magoti yako.

Kumbe kuna mwizi mwingine! Mtu wa mtaa huu huu, mwenye akili kama yangu, na Shemeji ameshamshtukia. Maskini, magoti yake nayo mabovu.

Hakuna muda wa kupoteza. Lazima nimtangulie. Jumanne, Shemeji akienda sokoni.

Mafuta nimeshanunua.